Anayepima Naye Apimwe

Kumezuka mazoea katika miaka ya karibuni ya kumpima kila mtu kwa nyota na kwa alama. Abiria akishuka kwenye teksi aliyoiita kwa simu huombwa ampe dereva nyota, kuanzia moja hadi tano. Aliyenunua viatu kwa njia ya mtandao huulizwa ameridhika kwa kiasi gani, na aliyejibiwa swali lake huombwa aseme kama jibu limemfaa au halikumfaa. Hata ombi la mkopo wa shilingi mia tano hupitia kwenye mizani isiyoonekana, ambayo humpa mwombaji alama kabla hajafumba jicho na kulifumbua. Vijana wetu wa shule wamezaliwa wakayakuta mambo haya, nao huyaona kuwa ya kawaida kama jua la Mombasa. Ukiwauliza mtu mwenye sifa njema ni nani, wengi watakujibu kuwa ni yule mwenye alama nyingi.

Sina nia ya kuyalaani mambo mapya kwa sababu tu ni mapya. Haja ya kumjua mtu kabla ya kumwamini ni kongwe kuliko simu, na kisiwa hiki cha Mvita kimeishughulikia kwa karne nyingi. Ninalotaka kulijadili na walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wausomao ukurasa huu, ni jinsi sifa ya mtu ilivyopatikana katika Mji wa Kale, mahali ilipopotoka, na funzo tunaloweza kulichukua kabla hatujaikabidhi mizani yote kwa mashine.

Tuanze na baraza. Anayepita Ndia Kuu, au anayekata vichochoro vya Kibokoni kutoka ngome ya Fort Jesus kuelekea bandari ya kale ya majahazi, huona mbele ya nyumba nyingi viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta. Hayo ndiyo mabaraza. Baada ya sala ya Alasiri, na tena baada ya Isha, watu huketi hapo. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe, na mazungumzo huanza. Mgeni hudhani kwamba watu hawa wanapoteza wakati. Kwa hakika kuna kazi inayofanywa pale. Habari za bei, za ndoa, za maradhi na za madeni hupitia barazani, na kila habari huja ikiwa na jina la aliyeileta. Anayesema uongo leo ataketi papo hapo kesho, mbele ya watu wale wale, akiulizwa.

Nakumbuka nilipokuwa nikitafuta fundi wa kuikarabati nyumba ya zamani yenye kuta za matumbawe na chokaa, kazi ambayo mafundi wanaoiweza wamekuwa haba. Nilitajiwa mmoja, nami nikamwendea mzee aliyekuwa akiketi karibu na kwetu. Nikamwuliza, "Ami, fundi huyu yuafaa?" Hakunijibu kwamba afaa wala kwamba hafai. Alisema, "Mwanangu, enda katazame ukuta aliopiga lipu miaka sita iliyopita, nyumba ya pili kutoka kisimani. Ukiona nyufa, usimwite. Na ukimwita akakuharibia, rudi kwangu mimi."

Katika maneno hayo machache mna elimu nzima ya namna ya kumpima mtu. Kwanza, mzee hakunipa hukumu. Alinipa ushahidi nikautazame kwa macho yangu. Pili, alinionyesha kazi iliyokwisha kupita masika kadhaa, si ile iliyokauka jana, maana lipu ya chokaa haijulikani ubora wake kabla haijanyeshewa. Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, aliweka jina lake rehani. Alipotamka "rudi kwangu mimi" alijifanya mdhamini. Lau fundi yule angeharibu, sifa ya mzee ingepungua pamoja na sifa ya fundi. Kwa hivyo hakuwa na budi kuyapima maneno yake kabla ya kuyatoa.

Desturi hii haikuanzia kwenye mambo madogo ya lipu. Biashara ya pwani yetu yote ilisimama juu yake. Majahazi kutoka Ghuba, Arabuni na Bara Hindi yalikuja na pepo za kaskazi, aghalabu kati ya Desemba na Machi, yakarudi na pepo za kusi. Mwenye mali aliyemwachia mwenziwe bidhaa kwa amana hakuwa na njia ya kumfuata baharini. Kilichomlinda ni kwamba jina la mwamini na jina la mwaminiwa yalijulikana katika bandari zote mbili, na kwamba aliyevunja amana msimu huu angezikuta habari zake zimemtangulia msimu ujao. Si sisi peke yetu tulioishi hivyo. Katika sinagogi moja la Cairo kulikutwa barua nyingi za wafanyabiashara wa Kiyahudi wa karne ya 11 waliokuwa wakituma mali baina ya Misri, Maghribi na Sisilia. Wanahistoria wa uchumi waliozichunguza wamezikuta barua hizo zimejaa habari za mawakala: nani amelipa, nani amechelewa, nani asiaminiwe tena. Barua zile zilikuwa baraza la watu waliotenganishwa na bahari.

Nao wanazuoni wa Kiislamu walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Wataalamu wa hadithi, kama vile Imam Bukhari aliyeishi kati ya mwaka 810 na 870, hawakuridhika kuuliza maneno yamesema nini. Waliuliza nani aliyapokea kutoka kwa nani, na kila mpokezi alichunguzwa: je, alikuwa mkweli, kumbukumbu yake ilikuwa imara, aliwahi kukutana na yule anayedai kumsikia? Ikazuka fani nzima ya kuwakosoa na kuwasafisha wapokezi. Jambo la kuzingatiwa na kila mwalimu ni kwamba mkosoaji naye alikuwa na jina, na hukumu yake ilitarajiwa kuwa na sababu ambazo wanazuoni wengine wangeweza kuzipinga. Kutokana na mila hiyo ndipo tulipopata ijaza, ambayo kwayo mwalimu anayejulikana humruhusu mwanafunzi anayejulikana kufundisha kitabu kinachojulikana. Ijaza haisemi kwamba mwanafunzi ana asilimia themanini. Husema kwamba mimi fulani nimemsikiliza, na niko tayari kuulizwa juu yake.

Hata hivyo, tusilipambe baraza kupita kiasi, tukawa kama mtu anayesifu mnazi wa babu yake huku amesahau kwamba ulimwangukia nazi. Baraza lilikuwa na dhuluma zake. Katika mji uliojigawa kwa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, pamoja na koo za Waarabu, Wahindi na watu wa bara, mtu aliulizwa kwanza ametoka wapi kabla ya kuulizwa amefanya nini. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini miaka mingi baadaye bado walikuwapo watu ambao sifa zao zilipunguzwa kwa sababu ya bibi aliyenunuliwa sokoni. Aidha, baraza la nje lilikuwa la wanaume. Wanawake walijadiliwa pale, lakini hawakuketi pale kujijibia. Mizani inayompima mtu ambaye haruhusiwi kuikaribia ni mizani ya dhuluma, hata ikishikwa na wazee wacha Mungu.

Wanawake wa Mombasa hawakungoja kukaribishwa. Waliunda mizani yao wenyewe, nayo ni vyama vya ngoma ya lelemama. Mwanahistoria Mmarekani Margaret Strobel aliviandikia kwa kirefu katika kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kilichotolewa mwaka 1979, na miaka kumi baadaye, akishirikiana na Sarah Mirza, alitoa simulizi za maisha za wanawake watatu wa mji huu, mmoja wao akiwa wa uzao wa watumwa. Katika lelemama mwanamke aliweza kupata cheo ambacho mtaa haukumpa. Vyama vilikuwa na ngazi zake, na mwenye kutaka kupanda ngazi aliwafanyia wenziwe karamu. Waliozaliwa katika koo zilizojiona bora na waliozaliwa na mama aliyekuwa mtumwa waliweza kuwa wanachama wa chama kimoja. Nyimbo zao zilikuwa mahakama, kwani aliyevunja miiko angeweza kusikia kisa chake kikiimbwa kwa mafumbo ambayo mji mzima uliyafumbua.

Lakini humo humo penye ukombozi ndimo mlimozuka maradhi. Vyama viwili mashuhuri, Ibinaal Watan na Banu Saada, viliingia katika ushindani mkali. Maadamu cheo kilipatikana kwa karamu, karamu zikazidi kuwa kubwa. Maadamu ushindi ulipimwa kwa wingi wa nguo, mapambo na vyakula, fedha zikateketea. Ngazi iliyoanza kama alama ya mtu aliyewakirimu wenziwe ikawa alama ya mtu aliyeweza kumudu gharama. Hiyo ndiyo hatari ya kila alama duniani: siku watu wanapoanza kuitafuta yenyewe badala ya lile jambo iliyokuwa ikilionyesha, alama hubaki na jambo huondoka.

Methali yetu husema kwamba mcheza kwao hutunzwa, na desturi ya kutuza katika taarab ni funzo jingine kwa mwenye kufikiri. Enzi za kina Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh, kama ilivyo hadi leo katika harusi zetu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka na noti mkononi akamtuza mwimbaji mbele ya hadhara. Anayeketi mbali akihesabu noti atadhani kwamba wimbo uliopata noti nyingi zaidi ndio bora zaidi. La hasha! Huyu ametuza kwa kuwa sauti ni tamu. Yule ametuza kwa kuwa ubeti umelenga ugomvi wake na jirani, naye alipokuwa akienda mbele alimtupia jirani jicho. Wa tatu ni jamaa ya bibi harusi, hakuwa na budi. Wa nne amemwona shoga yake ameinuka, naye asingekubali kubaki kitini. Noti nne, sababu nne, na moja tu kati yake inahusu ubora wa wimbo. Waliohudhuria huyajua hayo yote, kwa sababu wanawaona watuzaji kwa nyuso zao. Toa nyuso, ubakishe hesabu ya noti, nawe umebaki na nambari isiyosema kitu.

Hivi ndivyo nambari za siku hizi zilivyo: ni noti zilizohesabiwa gizani. Soko la mnada la eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, lilikuwa miongoni mwa masoko ya kwanza ya mtandao kumtaka muuzaji na mnunuzi wapimane baada ya biashara. Wazo lilikuwa jema, na liliwezesha watu wasiojuana kabisa kuuziana vitu. Lakini wanunuzi waliodhulumiwa walianza kunyamaza, kwa kuwa muuzaji aliyepewa alama mbaya alilipiza kisasi kwa kumpa mnunuzi alama mbaya vile vile. Sifa zikawa nzuri karibu zote, si kwa sababu watu wote walikuwa wema, bali kwa sababu watu waliogopana. Mwaka 2008 soko hilo lililazimika kuwaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya. Yeyote aliyelelewa mtaani angeweza kuwaeleza mapema kwamba jirani humsifu jirani mkorofi, na kwamba sifa itolewayo kwa hofu haina uzito.

Kwa upande wa wakopeshaji wa simu, mambo yamekuwa machungu zaidi. Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha alichukua mkopo mdogo kutoka kampuni moja ya aina hiyo ili anunue vipuri vya tuktuk. Alichelewa kulipa. Kampuni ile ilikuwa imechukua orodha ya majina yote yaliyomo katika simu yake, ikaanza kuwapigia watu hao mmoja baada ya mwingine: mama mkwe, imamu, mwenye tuktuk. Waliambiwa kwamba kijana ni mwizi. Alilipa deni baada ya wiki mbili, lakini kufikia siku hiyo tuktuk alikuwa ameshanyang'anywa. Aliniuliza swali ambalo bado ninalo: "Mwalimu, nimshtaki nani? Aliyepiga simu hakutaja jina."

Yamkini msomaji atasema kwamba hata barazani mdeni alisemwa. Ni kweli, alisemwa, na wakati mwingine kwa ukatili. Lakini msemaji alionekana. Mdeni angeweza kusimama akasema, "Ni kweli nadaiwa, lakini mtoto alikuwa hospitali, na fulani huyu ni shahidi." Watu wangemsikiliza, na wakati mwingine wangechanga. Kijana wetu hakupata fursa hiyo. Alihukumiwa na sauti isiyo na uso, mbele ya watu ambao hawakuwa na haja ya kujua.

Serikali imelitambua tatizo hili, na wanafunzi wa somo la uraia wanafaa kuzijua hatua zilizochukuliwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa Mkenya haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika mambo yanayomwathiri kwa uzito, na pia haki ya kuomba uamuzi kama huo utazamwe upya. Mwezi Aprili mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwaondolea wakopeshaji wasiokuwa chini ya usimamizi wake ruhusa ya kupeleka majina ya wadeni kwenye mashirika yanayohifadhi taarifa za mikopo, yale yanayojulikana kwa jina la CRB. Iliamuru pia kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisimtie mtu katika orodha ya wasiolipa. Kisha kanuni za mwaka 2022 zikawakataza wakopeshaji wa simu kuwatisha wadeni na kuwaaibisha kwa watu wanaowajua. Tukizichunguza hatua hizi tutaona kwamba zinajaribu kurudisha kwa kalamu ya sheria yale ambayo baraza, katika siku zake njema, lilikuwa nayo kwa desturi: anayepima ajulikane, atoe sababu, na anayepimwa apate kujibu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mashine haina, nalo ni muda. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, alifariki takriban mwaka 1840. Wakati wake hapakuwa na mtambo wa kupiga chapa mashairi yake wala tuzo ya fasihi. Yalihifadhiwa vifuani mwa watu, na mtu hahifadhi kifuani shairi lisilomfaa. Ilipita miongo kadhaa ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alipoyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmishenari Mwingereza William Taylor. Na diwani yenyewe ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne moja baada ya kifo cha mshairi. Je, kuna alama gani ya leo itakayokuwa na maana baada ya miaka mia moja?

Muda humsahihisha hata mwenye nguvu. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alifungwa kutoka mwaka 1969 hadi mwaka 1972 kwa sababu ya kijitabu alichokiandika cha kuikosoa serikali. Kwa kipimo cha dola alikuwa mhalifu. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga. Leo hii ni nani anayemkumbuka kama mhalifu? Wanafunzi humsoma.

Au mtazameni Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927, akaishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 2017. Hakuijenga sifa yake kwa shahada za chuo kikuu, lakini wenye shahada walimwendea, kutoka vyuo vikuu vya hapa kwetu na vya Ulaya, wakitafuta maana ya neno la kale, jina la kifaa cha jahazi au usomaji wa mswada wa Kiarabu. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliyetupa neno "runinga". Kama ungetaka kuupima msaada wa mtu kama huyo, ungehesabu nini? Nionavyo mimi, kipimo chake kilikuwa kimoja tu, kwamba waliomwendea mara moja walimrudia, na walipoulizwa walikojifunza walimtaja kwa jina. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, kibaya chajitembeza.

Sasa nije nyumbani, yaani shuleni. Sisi walimu ni wapimaji kwa kazi yetu. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku mtindo wa kuzipanga shule na watahiniwa kwa nafasi baada ya mitihani ya taifa, na ubishi ulioibuka bado haujapoa. Wapo waliosema kwamba ushindani huamsha juhudi, na wapo waliosema kwamba shule zilikuwa zimeanza kuwafukuza wanafunzi dhaifu ili wastani wao usishuke. Hoja ya pili inatosha kutuonyesha kwamba tumo katika njia ile ile ya karamu za lelemama. Mwanafunzi anayeonekana kuwa hasara kwa wastani wa shule ni mtu ambaye alama imekwisha kumla.

Lakini kuna kipimo kingine ambacho wizara haituingilii, nacho ni kile cheti ambacho mwalimu mkuu humwandikia mwanafunzi anapomaliza shule. Mna nafasi ndogo mle ya kueleza tabia na bidii yake. Nimeviona vyeti vingi vya aina hiyo vikiletwa na vijana wanaotafuta kazi bandarini na mahotelini. Vyote vinafanana kama mayai: mtiifu, mwenye nidhamu, mwenye bidii. Anayeajiri huvitupia jicho na kuviweka kando, kwa kuwa sifa iliyopewa kila mtu haikupewa mtu. Hapo mwalimu ameutupa udhamini wake, na kijana ameondoka shuleni bila mtu wa kumsemea. Halafu tunashangaa kijana huyo akikimbilia kutafuta sifa mahali ambapo watu wasiomjua humwonyesha dole gumba.

Pendekezo langu si kubwa, wala halihitaji fedha za serikali. Kila mwalimu anayeandika sifa ya mwanafunzi na aandike walau sentensi moja ya jambo alilolishuhudia kwa macho yake. Asiandike "mwenye kusaidia wenziwe". Aandike kwamba msichana huyu aliwafundisha wenzake wawili hesabu kila Jumamosi kwa muhula mzima, na kwamba mmoja wao amefaulu. Aandike kwamba mvulana huyu alivunja dirisha, akaja mwenyewe kusema kabla hajaulizwa. Kisha atie jina lake kwa herufi zinazosomeka, pamoja na njia ya kumfikia, ili anayeajiri aweze kumwuliza. Na mwanafunzi aonyeshwe yaliyoandikwa kabla ya cheti kupigwa muhuri, apate nafasi ya kujibu kama ameonewa.

Nanyi wanafunzi, mnapoombwa kumpa nyota dereva au muuzaji, kumbukeni kwamba mnashika mizani yenye riziki ya mtu ndani yake, maana dereva ambaye wastani wake umeshuka huweza kufungiwa kazi. Jiulizeni kama mngekuwa tayari kumwambia neno hilo hilo usoni. Na mnapoiona nambari inayomsifu au kumshutumu mtu, ulizeni maswali matatu ambayo wazee wa Mji wa Kale wangeyauliza kabla kahawa haijapoa. Nani amesema? Ameona nini? Na yakigeuka kuwa uongo, tutamkuta wapi?